Kaka, Mwanao Amesema

Kaka Elia mpendwa,

Nimeianza barua hii nikaiacha, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, nikafungua dirisha, nikalifunga. Unanijua, sikuumbwa kutulia. Nyumbani wewe ulikuwa mpole, mimi nilikuwa redio.

Unakumbuka msiba wa bibi? Mimi nilijigaragaza migombani hadi wakanishika miguu. Wewe ulisimama na kwaya ukaongoza besi, sauti haikutetereka. Tangu hapo kila msiba pale mlimani ukawa wako. "Mwiteni Elia awatulize watu." Hata alipofariki mkeo, uliimba. Watu wakasema huyo ndiye mwanaume. Kesho yake nilikukuta unakata majani ya ng'ombe, unakata tu, mengi mpaka ng'ombe wakayalalia.

"Kaka, uko sawa?"

"Mimi? Nenda kapike ndizi, wewe mwenye machozi ya bure."

Ulipojiua mwaka jana, wote walisema hukuonyesha dalili yoyote. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Nimewakasirikia wao, nimekukasirikia na wewe. Tulikuita mtulivu, kumbe ulikuwa unajibana. Mshauri wa hospitali ameniambia kwamba kujituliza si kumeza. Anayejua kujituliza hulitambua linalomsumbua, hulitaja, na likimzidi huomba mtu akae naye mpaka lipungue. Na hupungua, kaka! Hilo hakuna aliyekuambia.

Huyo mshauri nimemjua kwa sababu ya Neema wako. Yuko chuo Makumira, na wikendi huja kwangu Njiro. Mwezi uliopita alianza kugawa nguo zake. Usiku halali, na ukimuuliza anasema, "Niko poa, shangazi." Kanisani wakamsifu, eti binti amejikaza kama baba yake. Maneno yale yale waliyokusifia wewe.

Jumapili mchana tulikuwa tunachagua mchele. Niliogopa nisije nikamtia wazo asilokuwa nalo, lakini nikamuuliza hivyo hivyo, bila kuzunguka.

"Neema, unafikiria kujiua?"

Akauangalia mchele. Halafu akasema, "Ndiyo, shangazi. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize."

Nililia, naye akalia. Mchele tukauacha mezani tukaenda hospitali, na usiku ule tulilala kitanda kimoja. Mshauri akanieleza kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo, humfungulia mlango.

Sasa hali ile ikimjia, ananipigia. Juzi nilikuwa sokoni, nyanya mkononi. "Shangazi, imekuja." Nikamwambia anisimulie anachokiona mbele yake. Akaanza na mlima, umejifunika mawingu. Wenzake wanacheza netiboli, mmoja kavaa viatu visivyofanana. Tuliongea mpaka akacheka. Muuza nyanya alikuwa amenuna, mimi sikujali.

Hajapona. Wiki hii ana miadi nyingine na nitakwenda naye. Naogopa, kaka, nikisikia mlango nashtuka. Nimekukumbuka hadi inaudhi. Laiti ungekuwa mtu wa kulia ovyo kama mimi, ukatuchosha sote, ukawepo.

Nilikuwa na mengi ya kukuuliza, lakini simu inaita na ni mwanao. Pumzika, kaka. Wewe hutanijibu tena, na yeye anasubiri nipokee.

Ni mimi,
mdogo wako