Kinanda Alichokipiga Ndinda

Jumapili, 3 Juni
Tumeimba tena bila kinanda. Panya walikula ngozi ya mivukuto. Ukikanyaga, kinahema tu kama mgonjwa. Pasta ametangaza harambee ya kukitengeneza. Nimepiga makofi kuliko wote. Wamedhani ni bidii ya dini.

Sababu ni Ndinda. Msichana wangu ndiye aliyekuwa akikipiga. Tangu aolewe na Mwislamu mwenye duka kule Emali, baba yake, mzee wa kanisa hapa kijijini Tulia, hataki hata jina lake litajwe. Nina hamu naye. Ni hivyo tu.

Jumatano, 13 Juni
Akina mama tunasuka vyondo, vikapu vyetu vya mkonge, vya kuuza. Vidole vinauma. Mama mmoja ameuliza kama Baba Ndinda atatoa mbuzi. Kumbe alikuwa amesimama nyuma yetu. "Niiteni Musyoka," akasema, akaenda zake.

Nimemchukia mume wangu mpaka jioni.

Alhamisi, 21 Juni
Nimemtumia Ndinda ujumbe kwa dereva wa lori la mahindi. Aje harambee. Musyoka hajui. Naogopa atakuja. Naogopa zaidi hatakuja.

Jumamosi, 30 Juni
Amekuja. Mtandio kichwani, mtoto mgongoni, beberu kwenye kamba. Amesimama mbali na watu.

Vyondo vimeuzwa vyote. Kisha mbuzi. Mnadi ni baba yake. Ameuliza huyu beberu ni wa nani, na hakuna aliyethubutu kujibu. Ndinda mwenyewe akainua mkono. Nikajua sasa atamfukuza mbele ya kanisa zima.

"Mbuzi wa Ndinda," akasema. "Haya, nani anaanza?"

Lakini hakumsalimia. Na Ndinda hakungoja chai. "Mwaitu, mama yangu, gari litaniacha," akaniambia. Mtoto nimempakata kidogo tu. Ana macho ya Musyoka. Mikono yangu bado inamtaka.

Jumapili, 12 Agosti
Fundi amemaliza kazi juzi. Leo mwalimu wa shule amepiga kinanda. Anakoseakosea, lakini sauti ni ileile. Watu wamelia kwa furaha. Mimi nimeshindwa kuimba. Nilidhani kikisikika tena moyo utapoa. Haukupoa.

Tukirudi nyumbani Musyoka alitangulia mpaka mtoni. Hapo akasimama.

"Yule mtoto anaitwa nani?"

"Halima."

Akalirudia polepole, kama anayejifunza. Halima. Kisha tukavuka mchanga wa mto uliokauka.