Shangazi Anataka Nimnyime Shosho Supu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na tafadhali usitaje jina langu kwa sababu hapa Kawangware kila mtu husoma ukurasa wako.

Nimemaliza shule, na kwa kuwa si mtu wa kuongea nimeingia jikoni. Nilisoma kwamba mwili hujitengenezea kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, ukiupa chakula kinachofaa, basi nikaanza kumpikia shangazi yangu Wangeci, ambaye anaolewa, supu ya miguu ya kuku, mayai na maharagwe, pamoja na mapera na pilipili hoho kwa ajili ya vitamini C, ili ang'ae siku yake, na shosho, yaani bibi yangu, ambaye ni mama yake, naye akawa anakula, tena yeye ndiye huchuna hiyo miguu ya kuku.

Sasa shangazi anaolewa na Obiero wa Soweto West, kule Kibera, ambaye ni Mjaluo na haijui desturi yetu sisi Wakikuyu ya kumfunika bibi harusi leso gubigubi pamoja na wanawake wengine ili bwana harusi amtafute. Kwetu hutokeza mkono tu. Shangazi akaogopa kwamba Obiero atakosea, tukafanya mazoezi, tukajifunika mimi, shangazi, shosho na jirani yetu Akeyo, Obiero akapita akishika mkono mmoja mmoja, kisha akarudi kwa shosho, akaushika wake kwa mikono yote miwili na kusema, "Mpenzi, ngozi hii siwezi kuisahau."

Akeyo alicheka mpaka akaanguka na leso yake. Shangazi hakucheka. Obiero akajitetea, "Lakini si uliniambia unakula kolajeni?"

Tangu hapo shangazi anataka nimwondolee shosho hiyo kolajeni, nimnyime supu, nimpe mandazi na chai ya sukari nyingi, na nimkalishe juani mikono ikiwa nje. Jana nilimkalisha juani nikampa mandazi, akaniuliza amenikosea nini, nikamwomba tu asijifunike Jumamosi. Akasema, "Tangu babu yako afariki, hakuna mtu ameshika mkono wangu akasema ni huyu."

Nikimtii shangazi namtesa shosho, nikimlisha shosho naharibu harusi. Nifanye nini?

Mpishi Mwenye Aibu, Kawangware

Jibu la mshauri: Binti yangu, kwanza mtoe shosho juani. Usimalize hata kusoma.

Amerudi ndani? Haya. Moyo wako ni mzuri, na chakula chako pia ni kizuri, endelea nacho. Lakini mwili hutengeneza kolajeni polepole. Supu ikifika tumboni huvunjwavunjwa kwanza, haiteremki moja kwa moja hadi mkononi, na hakuna mandazi ya kuifuta kufikia Jumamosi. Utampa shosho njaa na huzuni, basi. Mikono yake ni laini kwa sababu inashinda kwenye maji ya moto na mafuta ya kuku. Ungekuwa unamsaidia kuchuna ungeliona hilo. Kuanzia leo achune shangazi.

Na wewe Wangeci, najua unasoma. Umemtuma mtoto amzeeshe mama yako ili mwanamume apewe mtihani rahisi. Aibu hiyo ni yako. Mkono wa mama hauna kosa, mwenye kosa ni Obiero, aliyesifu ngozi bila kumjua mwenye ngozi. Shikaneni mikono mkitembea jioni, aujue ukucha wako uliopinda na kovu lako la kisu. Kila mkono una alama zake.

Binti, mrudishie shosho supu yake, na pera pembeni. Jumamosi ajifunike kama wengine. Obiero akimchagua tena, mtu yeyote asikimbilie kumrekebisha, mwacheni shosho ashikwe mkono hadi atosheke. Halafu bwana harusi atozwe faini ya mbuzi kwa kukosea, kama ilivyo desturi, na miguu ya huyo mbuzi usiitupe. Iweke jikoni mpaka iive vizuri, na bakuli la kwanza liwe la shosho.