Bunduki Niliyoijaribu Kwenye Baridi

Shikamoo Mama,

Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Naandika kukuambia kwamba kibanda chako cha shabaha kipo. Jumapili iliyopita kilifunguliwa kwenye sikukuu ya usharika hapa Old Moshi. Maputo yamefungwa ubaoni vilevile, zawadi ya anayepasua puto ni sabuni na biskuti, na aliyesimama nyuma ya meza ni mimi.

Haikuwa rahisi. Bunduki yako ya upepo ilikufa muda mfupi baada yako. Springi ilikatika, fundi akasema vipuri hakuna. Baba mdogo akasema basi, biashara hiyo ilikuwa ya marehemu, iishe naye, binti akalime. Nilikasirika, Mama. Nilikasirika mpaka mtori wa ndizi ukanishinda kumeza.

Nikashuka mjini na kaka Eliaichi, aliyekuja likizo kutoka Dar. Siku hizi maduka yamejaa, ungeshangaa. Zamani ukipata bunduki unashukuru. Sasa muuzaji anakuwekea aina tatu mezani na kukuuliza unataka ipi. Moja ni ya pampu: inapiga imetulia, haitikisi bega, ila lazima upige pampu mara nyingi kabla ya kila risasi, na foleni ya watoto haina subira hiyo. Nyingine ni ya gesi, ina kimtungi kidogo ndani, wewe unafyatua tu. Kaka aliipenda papo hapo. Ya tatu ni ya springi kama yako: unakunja mtutu kama unauvunja, springi inajikaza, unaurudisha, unapiga.

Pale nyuma ya duka, kwenye jua, ya gesi ilizipita zote. Muuzaji akaanza kutufungia. Ndipo nikakukumbuka ulivyokuwa ukikataa kununua kuku wa tambarare mpaka alale kwetu, uone kama baridi itamweza. Nikasema hatununui hadi tukazijaribu juu kwetu, kwenye baridi. Kaka aliona aibu, akatazama pembeni. Muuzaji alicheka sana, lakini alikuwa anakufahamu, akatuazima ile ya gesi na ile ya springi.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, unaijua Julai ya kwetu. Ya gesi ilianza vizuri, kisha risasi zikawa zinaangukia chini ya puto, kila moja chini zaidi ya iliyotangulia. Kaka akaikumbatia ndani ya sweta kama mtoto mwenye homa. Ikapiga vizuri kidogo, ikalegea tena. "Hii iende Dar na mimi," akasema, tukacheka mpaka mbwa wa jirani akabweka. Ya springi haikuwa na habari na baridi. Nikanunua hiyo. Ningefungua kwa ile nyingine, watu wangelenga sawasawa na bado wakakosa, na Baba mdogo angekuwa ameshinda.

Jumapili foleni ilifika mlango wa kanisa. Baba mdogo naye akaja. Akaishika bunduki kwa nguvu zake zote, akapiga, akakosa. Akageuka kunitazama utadhani nimemtapeli. Nikasikia maneno yako yakitoka mdomoni mwangu:

"Usiibane, Baba mdogo. Springi inaruka, ukiibana inakukosesha. Iache ikae tu mkononi."

Akailegeza, akapiga tena. Puto likapasuka. Alichukua sabuni yake, akaenda kusimama tena mwisho wa foleni, nyuma ya watoto.

Niliinama nikijifanya nafunga maputo, kumbe nalia. Najivunia wewe, Mama. Na leo, naomba unisamehe, najivunia na mimi mwenyewe.

Pumzika sasa. Mavuno ya mpunga yakifika nitakipeleka kibanda Mabogini, kwenye joto, na huko nitachagua bunduki upya. Lakini hakitafia mikononi mwangu. Nakuahidi.

Mwanao,
Aikande