Gunzi Mgongoni

Kamwene, mjukuu wangu Neema. Hapa Iringa tu wazima, mahindi yanachanua, na babu yako bado anagombana na goti lake. Huko Iyunga mwanao ameota meno mangapi?

Umeniuliza kama ni upuuzi kuongea na mtoto asiyejua kusema. Mwenzio nilicheka! Miaka ile ya hamsini serikali ilituletea Bibi Maendeleo, atufundishe akina mama kulea. Akasema, "Zungumzeni na watoto wenu." Tukaangua kicheko. Nani azungumze na mtu asiyejibu? Mama yako alikuwa anakaribia miaka mitatu, hajatamka hata "mama". Nilimbeba mgongoni nikipalilia, na akilia nilimpiga kikofi: "Nyamaza, mzigo wee!" Basi.

Wiki ile ile aliyokuja Bibi Maendeleo nilikuwa uani napepeta ulezi. Nikamwona mama yako amejifunga gunzi la mahindi mgongoni kwa kitambaa, analitingisha. Akalipiga kikofi. Kisha akasema, wazi kabisa, kwa ukali wangu mimi: "Nyamaza, mzigo wee!"

Neema, ungo ulinidondoka. Ulezi wote chini. Kumbe siku zote nilikuwa nazungumza naye!

Nilipiga magoti palepale kwenye ulezi, nikamsalimia kama mtu mzima: "Kamwene." Alirudi nyuma, mkono ameuweka kwenye gunzi asije akanyang'anywa.

Ilipita miezi ndipo akaniitikia. Wewe usingoje, mwanangu. Msalimie wako leo, hata akikutemea uji.

Bibi yako, anayekuombea.