Uyoga Haupandwi

Mjambere, Kisauni,
Mwisho wa masika.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa ile niliyokunyima mwezi uliopita, maana najua unazihesabu. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa na mto haujapanda mpaka shambani. Mimi ni mzima. Mvua ilinibana kifua kidogo, lakini sasa nakohoa kwa desturi tu.

Barua yako ilinifikia, tena imekunjwa vizuri. Uliniuliza maswali mawili. La kwanza, kazi hii ni kazi gani, kwa kuwa uyoga haupandwi, ni Mungu anayeutupa kichuguuni na mwenye bahati akauokota. La pili, nitarudi lini. Nitajibu moja baada ya jingine, na Mwalimu wa kanisani anayekusomea naomba asirukie mwisho.

Uyoga unapandwa, Mama. Bi Zuhura, mwenye nyumba ninayokaa, ana banda la udongo na makuti huko uani. Tunakatakata mabua makavu ya mpunga, tunayaloweka, kisha tunayachemsha kwenye pipa ili vijidudu vilivyomo vife. Yakipoa tunayajaza kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu. Mbegu yenyewe ni ngano iliyoota ukungu mweupe, inaletwa kutoka Nairobi ndani ya chupa. Mifuko inaning'inizwa gizani mpaka iwe myeupe yote, ndipo tunaitoboa, na uyoga unachomoza matunduni kwa vishada. Mpishi wa hoteli moja huko ufuoni huja kuuchukua. Wazungu wanaula na kulamba vidole.

Bi Zuhura hapotezi kitu. Kuni za mikoko hazitaki kabisa, anasema mikoko ndiyo inayoshika ufuo usiliwe na bahari, kwa hiyo tunachochea makumbi na vifuu vya nazi. Maji ya pipa yakipoa yanakwenda kwenye mchicha. Ukimwaga kata moja bure atakuuliza kama kisima ulichimba wewe. Wewe na yeye mngepatana sana, au mngegombana tangu asubuhi.

Basi siku moja nikamsimulia ulivyotufundisha: ukifika kichuguuni usipige kelele, usichimbe, na umbakishe mmoja mkubwa, mama yao, ili mwakani waje tena. Bi Zuhura alifurahi mno. "Mamako ana akili," akasema. "Na sisi tuwabakishe mama zao." Tangu hapo kila mfuko tuliuvuna tukaacha uyoga mmoja mkubwa. Bandani tulikuwa tukiwapita kwa adabu kama tunapita kwa wakwe.

Usikasirike, Mama. Wale mama walioza. Kichuguuni kuna udongo na mchwa wa kumpokea aliyezeeka, lakini kwenye mfuko wa nailoni anabaki hapo hapo anaoza. Vikonyo vikawa utelezi, kisha ukaja usubi, ukajaa bandani kama vumbi. Uyoga uliofuata ulikuwa umetobolewa wote, na mpishi akaondoka na kikapu kitupu bila hata kunywa chai.

Hapo akaingia Swaleh, mwanawe Bi Zuhura, anayefanya kazi bandarini. Siku nyingi anataka banda livunjwe ajenge vyumba vya kupangisha, kama wanavyofanya majirani wote. Alikuja na bomba la dawa mgongoni.

"Mama, nipige dawa leo. Au sivyo nilivunje, tupate vyumba."

Nilikuwa mlangoni nimeshika ndoo. Banda likivunjwa kazi yangu imekwisha, narudi kwako na sanduku lilelile nililoondoka nalo, na ndani yake hamna jipya. Kurudi nataka, Mama, sijawahi kukataa. Lakini si kwa kufukuzwa na usubi.

"Rehema!" akaita Bi Zuhura.

"Abee."

"Ndoo hapa, uwe shahidi." Huku Mombasa 'njoo' ni 'ndoo', Mama. Kisha akamgeukia mwanawe. "Embe utalimenya. Muhogo utaumenya. Uyoga utamenya nini, Swaleh? Hauna ganda. Wallahi sitii sumu kwenye chakula cha watu. Nipe mavuno haya mamoja tu. Yakiharibika, vunja, sitasema neno."

Swaleh akatua bomba lake. "Haya, Mama. Haya mamoja."

Tulifanya kazi mpaka mikono ikachubuka. Mifuko iliyochoka tuliitoa yote. Kwa kuwa Bi Zuhura hatupi wala hachomi, mabua yake tuliyamwaga kwenye mihogo iliyo karibu na ua yaoze yawe mbolea. Kuta tulizipaka chokaa. Madirishani tukapigilia vipande vya chandarua kikuukuu, hewa ipite na usubi ubaki nje. Tukajaza mifuko mipya, na safari hii tulipovuna tulivikata vishada vyote mpaka shinani, hakubaki mama wala mtoto. Kila asubuhi nilifungua mlango huku naomba. Uyoga ulitoka safi, Mama, mweupe kama tui la nazi. Mpishi aliugeuza, akaunusa, akaubeba wote. Swaleh alikula sahani mbili za uyoga wa nazi, akalichukua bomba lake na kuondoka bila kutaja vyumba.

Lakini nililotaka sana kukwambia ni hili. Masika yalipokolea, Bi Zuhura aliniita kwenye mihogo. Juu ya yale mabua tuliyoyamwaga, uyoga ulikuwa umeota wenyewe. Hakuna aliyeupanda. Niliinama na kisu, akanishika mkono.

"Huyo mkubwa mwate," akaniambia. "Huyo ni mama yao."

Nikamwacha. Machozi yalinitoka, na sikuona haya. Nilikuwa nimeogopa kukuandikia kwamba fundisho lako halikufaa kitu huku Mombasa. Linafaa, Mama. Linataka udongo tu.

Nisalimie shangazi Raheli, umwambie ulimi wake mkali nimeukumbuka. Msalimie kaka na mkewe, na mama mkwe wa kaka ambaye hunipa mayai nikija. Mwalimu naye nampa shikamoo yake kwa uvumilivu.

Sasa swali la pili. Bi Zuhura amekubali kunipa chupa za mbegu. Ameninunia, lakini amekubali. Huko kwetu hakuna hoteli, najua. Watu wapo, na watu wanakula. Siku zote mpunga ukishavunwa sisi huwasha moto, na moshi unafunika kijiji kizima. Mwaka huu waambie wasichome. Mabua yapandishwe darini yasilowe, na wewe uchague mahali kivulini pa kujenga banda, usiwe mbali na mlango wako kwa ajili ya goti.

Usiyachome, Mama. Nakuja kuyatumia.

Ni mimi mwanao,
Rehema