Kiwavi Hakina Kitambulisho

Jumatatu, 3 Machi

Majibu ya kile kinyama cha moyo alichokatwa mdogo wangu wakati wa upasuaji yametoka. Safi! Eti si homa ya baridi yabisi. Mama kapiga vigelegele mpaka jirani kaja kuuliza nani anaolewa. Daktari wake kasema sindano za kila mwezi basi. Mdogo kacheza jikoni — Dada, makalio yangu yamepata uhuru!

Nimecheka. Lakini moyoni — hapana. Utotoni magoti yake yalipovimba, nani aliyemkanda? Mimi. Akiacha sindano na ugonjwa bado upo, utarudi kuitafuna vali, kile kilango cha moyo kilichoshonwa juzi tu.

Na aliyekikata kile kinyama maabarani kwetu ni Miwani, mwenzangu wa meza. Mimi ndugu siruhusiwi. Leo kanipa hongera bila kuniangalia usoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Machi

Miwani kanisalimia mara mbili. Ya nini? Nilipoingia kafunga droo haraka. Alipotoka nimeifungua: biskuti. Haya, biskuti. Lakini mtu anayeficha biskuti hashindwi kuficha kingine.

Jumatano, 5 Machi

Wote walipokwenda kula, nimeiba dakika kumi kwenye hadubini. Slaidi ya B-17 kwanza — B ya binadamu, ndiyo ya Mdogo. Shwari kabisa. Nikaweka M-17, ya mnyama: mbwa mzee, kipande cha moyo wake kililetwa na daktari wa mifugo siku ileile.

Mungu wangu! Viwavi! Zile seli za moyo ambazo viini vyake vimejikunjakunja kama kiwavi juu ya jani. Zimejazana kwenye vinundu, kama tulivyofundishwa kuhusu moyo wa baridi yabisi.

Miwani kabadilisha! Nimemkimbilia Daktari Mkuu. Hata hakuinuka. Kaniambia viwavi hata mbwa anavyo, hata ng'ombe. Kiwavi hakina kitambulisho, mama. Niletee ushahidi, si hasira.

Nitauleta. Miwani atanitambua!

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya sindano ni kesho. Nimembembeleza Mdogo aende tu. Kaniuliza tangu lini mkata nyama akawa daktari. Kanuna. Nami nimenuna.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tisa na robo, niko stoo. Kliniki inafungwa saa kumi. Nimeshusha vichupa vyenye mabaki, nitafute lebo iliyobanduliwa, gundi mpya, chochote. Hakuna. Nikafungua M-17, ya mbwa. Kinyama kidogo tu — na uzi wa buluu. Uzi wa mshono! Yule mbwa alikufa nyumbani kwao, hakushonwa na mtu. Huyu ni Mdogo wangu!

Nimekushika, Miwani! Nikageuza lebo niuone mwandiko wake.

Ile M ina mkia. Humu ndani anayeandika M ya mkia ni mmoja. Mwalimu alinichapa kwa ajili yake darasa la pili na sikuiacha.

Sasa nakumbuka. Vichupa viwili mezani, Miwani kashika kalamu. Nikamnyang'anya. Lete hapa, cha mdogo wangu naandika mwenyewe, simwamini mtu! Mdogo wangu, mdogo wangu, ndivyo nilivyokuwa nasema — na mkono ukaandika M. Kilichobaki nikakipa B. Nikajiona hodari.

Miwani kasimama mlangoni. Kaniuliza, je, mwizi kapatikana? Kaona kichupa, kaona uso wangu. Kisha kanisogezea biskuti. Aibu gani hii, jamani!

Simu inalia. Mdogo. Saa kumi kasoro ishirini. Kliniki ni mwendo wa robo saa, akiondoka sasa hivi. Miwani anasema pokea. Mkono huu una kalamu, ule una kichupa. Imekatika. Inalia tena —