Chupa Inayotoa Mapovu

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, pasha. Gauni la mama yako nimeliloweka kwenye beseni. Usitie maji ya moto, damu haitatoka. Mwenyewe amelala chumbani, mdomo umevimba. Ni mimi niliyempiga, usianze kumhoji.

Asubuhi pale wodini nilitoka kidogo kumkamulia kichanga wetu maziwa. Narudi, namkuta ameng'oa mpira wa oksijeni puani mwa mtoto. Ati ile chupa ya maji unakoishia mpira inachemka, mjukuu wake ataungua mapafu! Mtoto midomo ya bluu, mbavu zinaingia ndani. Nikamzaba makofi mawili, nikamsukuma, akajibamiza mdomo kwenye chuma cha kitanda. Nesi akakimbia kurudisha mpira, na wakati huo huo ananifokea mimi. Mapovu yalipoanza tena kwenye chupa, ndipo mtoto akarudia rangi yake.

Akiamka mpe kitu laini, kwa kijiko. ~~Mwambie asikanyage tena wodini.~~ Mwambie aje saa kumi, mikono aiweke mapajani.

Na usijifanye hakimu. Siku ya kwanza, wewe ukiwa kazini, hata mimi nilimuuliza nesi nani anachemsha maji karibu na mwanangu. Akanieleza taratibu: hayo mapovu ndiyo dalili kwamba hewa inasukumwa, mapafu yasisinyae. Mama yako hakuna aliyemweleza. Siku tatu tumekaa benchi moja, na mimi nimemnunia.

Mkwe wa mama yako